Mtoto Atacheza Wapi?

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya mababu, ni zamani ya juzi tu, watu wakiwa na simu mifukoni, walikuwako mume na mke katika jiji la Dar es Salaam. Mume aliitwa Lusajo, fundi friji. Mke aliitwa Atupele, mshonaji. Walikuwa na mtoto mmoja, Ipyana, wa miaka minne, mtoto asiyejua kutembea. Yeye alijua kukimbia tu.

Walipanga chumba kilichopakana na baa. Ipyana akajua matusi kabla ya kujua kuhesabu. Atupele akasema, "Baba Ipyana, hapa si mahali pa kulelea mtu. Tuhame."

Wakamtafuta dalali. Dalali jina lake Kibwana, mtu wa maneno laini.

Kibwana akawapeleka kando ya barabara kuu. Nyumba nzuri, vigae mpaka jikoni. Atupele akauliza, "Mtoto atacheza wapi?"

"Atacheza barazani, dada."

Malori yalikuwa yakipita karibu na baraza hiyo mpaka vikombe vinatetemeka kabatini. Atupele akakataa.

Kibwana akawapeleka mlimani. Nyumba nzuri zaidi, maji ya bomba, shule jirani. Atupele akauliza, "Mtoto atacheza wapi?"

Mwenye nyumba akajibu mwenyewe, "Ndani. Uani ni pa magari. Mimi sipendi makelele."

Atupele akakataa.

Wakazunguka hivyo kiangazi kizima. Jamani, jiji lile lina mahali pa kuegesha magari, lina mahali pa kuuza bia, lina mahali pa kuchomea nyama, lina hata mahali pa kuoshea pikipiki. Mahali pa mtoto, hakuna! Kana kwamba watu wote wa jiji lile walizaliwa na ndevu.

Mwishowe Kibwana akawapeleka bondeni, Mtaa wa Mikwaju. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, nyeupe kama maziwa. Mbele yake palikuwa na uwanja mpana wa majani mafupi, watoto wamejaa wanacheza mpira. Ipyana akauchomoa mkono wake katika mkono wa mama yake, akakimbilia huko.

Atupele akamuuliza mwenye nyumba, Mzee Mbaruku, "Mzee, uwanja mkubwa hivi, mbona haujajengwa?"

Mzee Mbaruku akasema, "Wazee wetu waliuacha kwa ajili ya watoto, mama."

Kibwana akaitikia, "Kwa ajili ya watoto." Jirani yao, Bi Zuhura, alikuwa kibarazani kwake akichambua mchele. Aliwatazama wageni, akafungua kinywa, akakifunga.

Wakahamia. Ipyana akanenepa, akaungua jua, akapata marafiki. Jioni alilala kabla hajamaliza kula.

Ikaja masika. Siku moja asubuhi pale mtaani yalikuwa manyunyu tu, watoto wakaendelea kucheza. Lakini huko juu, vilimani, mvua ilikuwa imepiga sana. Bi Zuhura akasikia mngurumo. Yeye aliujua. Akatoka mbio akipiga kelele, "Maji! Maji yanakuja! Watoeni watoto!" Akamnyakua mjukuu wake, akamvuta na mtoto wa jirani.

Ipyana alikuwa mbali, akiufuata mpira.

Atupele alitoka na futi kamba bado iko shingoni. Aliuona uwanja ukigeuka mto. Alimwona mwanawe mara moja. Hakumwona tena. Walimpata kesho yake, chini ya daraja.

Maji yalipopungua, wanawake waliingia kutoa tope nyumbani kwake. Ile rangi nyeupe ilikuwa imebanduka. Chini yake palikuwa na mstari wa kahawia, na juu yake mwingine, na juu yake mwingine: alama za maji ya miaka mingine. Wa juu kabisa ulimfika Atupele kifuani. Akaupitishia kidole kutoka mlangoni hadi dirishani.

Neno lake alilisema makaburini. Jeneza dogo lilikuwa limeshashushwa, watu wameshika udongo. Atupele akanyoosha mkono. "Ngojeni! Aliyejua asimtupie mwanangu udongo."

Mzee Mbaruku akasema, "Mimi nilipaka rangi. Nani hapaki nyumba yake? Nimestaafu, sina kingine. Na maji yale hayaji kila mwaka."

Kibwana akasema, "Mimi nilikupeleka mlimani, dada, ukakataa. Ulitaka uwanja. Jiji hili uwanja mtupu ni ule ambao maji yamekataza usijengwe, kila dalali anajua. Uliuliza mtoto atacheza wapi. Hukuuliza maji yatapita wapi."

Watu wakamzomea mpaka akarudi nyuma.

Bi Zuhura akalia. "Mwanangu, mimi niliwahi kumwonya mpangaji mmoja. Mzee huyu akaja mlangoni kwangu akaniita mchawi, mtaa mzima ukanitenga. Nikajifunza kunyamaza. Lakini maji yalipokuja nilipiga kelele, nikawatoa wawili. Mikono yangu ni miwili tu."

Mwanamke mmoja akamjibu, "Kelele za kiangazi zingewatoa watatu!"

Ndipo udongo ukamdondoka Lusajo. "Mama Ipyana, hata mimi. Kabla hatujahamia nilikwenda peke yangu kufunga taa. Nyuma ya mlango wa jikoni rangi haikufika, nikauona mstari. Nikamuuliza fundi aliyepaka rangi, akaniambia ni alama ya maji. Lakini wewe ulikuwa umechoka, na mtoto alikuwa anacheka. Nikasema, labda mwaka huu hayatakuja. Nilinyamaza kwa kuwapenda."

"Kwa kutupenda!" Atupele akapaza sauti. "Huyu kanyamaza kwa nyumba yake, huyu kwa riziki yake, huyu kwa hofu yake, na wewe kwa kutupenda! Sasa nani alinyamaza kwa ajili ya Ipyana?"

Mchungaji akamsogelea, akasema kwa upole, "Mama, ukiwafukuza wote, hawa ndio jirani, na huyu ndiye baba. Mtaje mmoja aliyezidi kwa kosa, aondoke. Waliobaki wamzike mtoto."

Atupele akawatazama, mmoja baada ya mwingine.

Haya, ninyi mnaonisikiliza. Msiniambie "wote", maana "wote" ni jibu la mtu anayetaka kwenda zake kulala. Yuko aliyeficha alama, yuko aliyeuza maneno, yuko aliyeogopa, yuko aliyependa. Je, nani alistahili kufukuzwa pale kaburini? Na kama ni baba, semeni bila kutafuna maneno: kati ya wale watatu waliobaki, nani alistahili kumfukia mtoto yule?