Firigisi Moja, Sahani Tatu

Haya, sogeeni karibu. Mwenye simu aiweke mfukoni, na anayetafuna mahindi atafune polepole, maana mimi nikishasema sirudii.

Siku Nelima alipoolewa, alitoka kwao ndani ya van nyeupe ya kukodi, na watu watatu waliomsindikiza walikuwa na vipaji vyao. Shangazi yake, Nanjala, alikuwa hawezi kuyapita maandishi bila kuyasoma. Hata pakiti ya chumvi aliisoma mbele na nyuma. Mjomba wake, Lusweti, alikuwa na maneno matamu. Akija kukuazima jembe, unampa lako na la jirani. Rafiki yake, Naswa, fundi wa keki, alikuwa na mkono usiotetemeka. Jina la bibi harusi aliliandika juu ya keki gari likiwa linakimbia, na halikupinda hata herufi moja. Dereva Kizito naye alijua kupiga honi.

Njia nzima ilikuwa nyimbo na vigelegele. Jambo moja tu lilihitaji haraka. Padre alikuwa amewaambia kwamba saa sita anaondoka kwenda kufungisha ndoa nyingine parokia ya mbali. Na bwana harusi, Simiyu, likizo yake ilikuwa inakwisha; kesho yake anapanda ndege kurudi kazini Qatar, na kurudi nyumbani tena ni baada ya miaka miwili. Ndoa isipofungwa siku hiyo, basi tena.

Wakafika penye shamba la alizeti limechanua lote. Nelima akaomba picha moja tu. Kizito akazima gari, picha zikapigwa, zikatoka safi kweli. Walipopanda tena, gari likakataa kuwaka. Kizito akafungua boneti, akatazama, akaifunga. Wakashuka wakasukuma, bibi harusi akiwapigia makofi dirishani, lakini wapi! Hapo Nelima akaacha makofi, machozi yakamtoka, wanja ukaanza kushuka.

Shangazi Nanjala akaenda mbele, akainama kwenye dashibodi, akasoma.

"Acheni kusukuma," akasema. "Gari ni zima. Limeishiwa adiblu."

Akawaeleza kwamba ni dawa ya kusafishia moshi wa dizeli, ina tangi lake peke yake, na ikiisha, gari ukilizima haliwaki mpaka litiwe nyingine. Kizito akakiri kwamba hiyo taa ilikuwa inawaka tangu Jumatano, akadhani ni pambo. Nanjala akaendelea kusoma kibandiko cha mlangoni: maji na urea. Kizito aliposikia urea, akauliza, si hata mkojo una urea, akaanza kulegeza mkanda. Shangazi akamwambia afunge suruali yake, hapo kuna bibi harusi.

Kumbe mjomba Lusweti alikuwa ameshasimama katikati ya barabara na koti lake jipya, anapunga mkono. Lori la masafa marefu likasimama. Dereva wake alikuwa na galoni moja ya adiblu, ya akiba, na hakutaka hata kuizungumzia. Safari yake ilikuwa ndefu. Lusweti hakumbembeleza. Akamuuliza kama ameoa, na siku yake ya harusi ilikuwaje. Yule bwana akacheka, akasema alichelewa.

"Na mkeo alisahau?"

"Asahau? Kila Krismasi ananikumbusha."

"Basi mtazame yule binti dirishani," Lusweti akasema. "Huyo akichelewa leo, hata mume wa kumkumbusha hatampata."

Yule bwana akashuka na galoni yake. Akaikabidhi, akawapungia, akaendelea na safari yake ya Malaba.

Kizito akaipokea kwa furaha, akafungua tundu la dizeli, akainua galoni amimine. Naswa akamdaka mkono. Matundu yalikuwa mawili, na la adiblu ndilo lenye kifuniko cha buluu. Tone likiingia kwenye dizeli, injini imekwenda. Na kingine: tundu lilikuwa dogo, hawakuwa na faneli. Naswa akakata shingo ya chupa safi ya maji ya kunywa, akaichomeka, akamimina uzi mwembamba mpaka galoni ikaisha. Halikumwagika tone. Kizito akawasha, gari likanguruma, na wote wakapiga vigelegele mpaka ndege wakaruka kwenye alizeti.

Walifika padre ameshavaa helmeti, pikipiki inanguruma. Akaivua. Ndoa ikafungwa.

Sasa tuje kwenye karamu. Kwa kina Simiyu kuna desturi: bibi harusi huwekewa kuku mzima, na firigisi yake humpa yule aliyemfikisha. Anayeila ana kiti katika nyumba hiyo maisha yake yote, na mtoto wa kwanza hupewa jina lake.

Shangazi Nanjala akasogeza sahani: bila yeye wangekuwa wanasukuma mpaka leo. Mjomba Lusweti akasogeza yake: kujua ugonjwa bila dawa kunamponya nani? Naswa akasogeza yake bila kelele: dawa ilikuwepo, na ilikuwa inakwenda kuliua gari.

Najua mtasema igawanywe. Mama yake Simiyu alishakataa. Akamkabidhi Nelima kijiko, akamwambia taratibu, "Firigisi haikatwi, mwanangu. Ukiikata, hujamheshimu yeyote."

Nelima anacheka huku anafuta machozi, maana wote watatu anawapenda, na wawili lazima wakose.

Je, kijiko kingekuwa mkononi mwako, ungekipeleka kwenye sahani ya nani? Semeni, mmoja mmoja, na asiye na sababu hana kura.