Nyota Sita za Darasa la Sita

Kimya kingi kina mshindo. Methali hii huwaonya wale wanaodhani kwamba asiyesema hana la kusema. Anayenyamaza kwa muda mrefu mara nyingi ana jambo analolipika, na siku chungu kikifunuliwa, waliomdharau ndio hushtuka kwanza. Mwalimu Zoleka Mbambani hakuwa ameisikia methali hii, maana kwao ni Qumbu, Afrika Kusini, na kazi yake ilikuwa Kamisawa, mji mdogo wa milimani kaskazini mwa Japani. Hata hivyo aliishi ndani yake miezi mitano mizima.

Zoleka alikuwa akifundisha Kiingereza katika shule ya msingi ya mji huo. Kwao alizoea darasa la watoto sabini, ambamo mwalimu asipopaza sauti humezwa mzimamzima. Hapa darasa la sita lilikuwa na watoto kumi na wanne tu, na kila mmoja alimjua kwa jina, kwa mwandiko na hata kwa chafya. Aliwapenda upeo wa kupenda. Ndiyo maana mwezi wa Aprili, shule ilipofunguliwa, aliwatundikia ukutani chati nzuri yenye majina yao. Atakayenyoosha mkono kwanza na kujibu angebandikiwa nyota ya dhahabu mbele ya jina lake. Mwanzoni mikono ilipanda, nyota zikabandikwa, naye mwalimu akajipongeza.

Kisha, katikati ya Juni, darasa likanyamaza.

Halikunyamaza kwa ukorofi. Asubuhi watoto walimwinamia mlangoni, kwenye makabati ambako kila mtu hubadili viatu, na kumsalimu kwa furaha. Wakati wa chakula waligombania nani atakaa naye. Lakini akiuliza swali, hata la rangi ya theluji, vichwa kumi na vinne viliinamia madawati kama vile jibu limeandikwa kwenye mbao. Alibadili nyimbo, akabadili michezo, akaleta kikaragosi cha simba mwenye kofia. Hakufua dafu.

“Mama, nawauliza, wananitazama tu,” alimwambia mama yake kwenye simu.

“Labda hawakusikii.”

“Wananisikia vizuri.”

“Basi hawakupendi.”

“Wananigombania kwenye chakula, Mama.”

“Basi mwanangu, mwenye tatizo ni wewe, sio wao.”

Zoleka alicheka, ila neno hilo hakulisahau.

Mwezi wa Novemba ulipoanza, maji yalimfika shingoni. Bwana Onodera wa ofisi ya elimu aliandika kwamba angekuja Ijumaa ya wiki ya tatu kutazama somo. Barua ilikuwa ya adabu, lakini haikuzunguka mbuyu. Shule ndogo za milimani zilikuwa zimepewa televisheni kubwa zenye masomo ya Kiingereza yaliyorekodiwa. Kama watoto wa Kamisawa hawasemi na mwalimu wao, ofisi haikuona tofauti kati ya mwalimu huyo na televisheni, na mkataba wake ungekoma mwezi wa Machi. Zoleka aliisoma mara mbili, akashika tama. Hakutaka kuondoka. Na zaidi ya kutotaka kuondoka, alitaka kujua. Haiwezekani watoto kumi na wanne wasahau kusema kwa siku moja.

Jumatatu ya wiki hiyo alipanda kwenye kiti kuifuta chati vumbi, ili mgeni asiikute chafu. Akafuta jina la kwanza: nyota sita. La pili: nyota sita. Kitambaa kikasimama. Macho yakashuka hadi jina la mwisho. Wote, kumi na wanne, walikuwa na nyota sita sita, bila kuzidi wala kupungua.

Alifungua daftari lake la kumbukumbu akiwa bado amesimama juu ya kiti. Aliyepata nyota ya sita mwisho alikuwa Kanta, mtoto wa fundi wa paa, tarehe kumi na tano Juni. Tangu siku hiyo hakuna mkono ulionyooka. Kanta alikuwa na kigugumizi, Zoleka alikijua, na alimkumbuka siku ile akipigana na jibu mpaka jasho likamtoka. Aliona fahari kumbandikia nyota yake. Sasa alijiuliza kwa nini wenzake waliacha mbio palepale Kanta alipowafikia.

Udadisi ni ugonjwa, na dawa yake ni kwenda kuona. Siku iliyofuata, baada ya chakula, watoto walipotawanyika na mafagio yao kusafisha shule kama ilivyo desturi, Zoleka aliwafuata darasa la sita kwa mbali. Zamu yao ilikuwa nyuma ya jengo, kwenye banda la Azuki, sungura mzee wa shule. Alijibanza nyuma ya kibanda cha majembe. Hapo akasikia Kiingereza.

Kotone, msichana mfupi kuliko wote, alikuwa amesimama mikono kiunoni, sauti nzito, akigonga ubao ambao haukuwapo. Alikuwa Mwalimu Zoleka kabisa, mpaka namna ya kunyanyua nyusi. Wengine walifagia huku wakimjibu mmoja mmoja, tena kwa sentensi ndefu ambazo Zoleka hakujua kama wanazo. Kanta alikuwa amechuchumaa, jani la kabichi mkononi, akijibu huku amemtazama sungura. Neno lilipokwama, hakuna aliyemmalizia. Walifagia tu mahali palepale mpaka likatoka.

“Leo umekwama mara mbili tu,” Kotone akamwambia kwa lugha yao.

“Azuki hana haraka,” Kanta akajibu.

“Na sisi tuna haraka ya wapi? Fagia huko.”

Zoleka alirudi ofisini akiwa na majani kwenye nywele. Mwalimu Kurokawa, mlezi wa darasa hilo, mzee aliyebakiza mwaka mmoja kustaafu, alikuwa akinywa chai.

“Mwalimu Kurokawa, ulijua kuhusu nyota?”

“Nilijua.”

“Tangu lini?”

“Tangu Juni.”

“Na hukuniambia!”

Mzee akaweka kikombe chini taratibu. “Hukuniuliza, Mwalimu. Na wewe ni mgeni, chati yako nzuri, ulikuwa umeifurahia. Ningeanzia wapi?”

Zoleka alitaka kukasirika, akashindwa. “Basi nakuuliza leo.”

“Watoto hawa wako pamoja tangu wana miaka mitatu. Darasa ni hilohilo moja. Walipoingia la kwanza, walipatana kwamba Kanta akisema, wanamsubiri. Wewe ulileta mashindano ya nani kwanza. Wakajitahidi kukufurahisha, lakini kila nyota waliyopata ilimwacha Kanta nyuma. Wakamngoja akawafikia kwenye sita. Ya saba ilimshinda, nao hawakutaka kumtangulia tena.” Akatikisa kichwa. “Sasa hawawezi kukujibu bila kumwacha, na hawawezi kukwambia bila kukuaibisha.”

Uso wa Zoleka uliungua kwa haya. Alikuwa ametundika ukutani, kwa mkono wake mwenyewe, aibu ya mtoto, akaipamba kwa dhahabu.

“Ijumaa tufanyeje?” aliuliza.

“Tunaweza kuwapangia majibu mapema. Wengine hufanya hivyo.”

“Hapana. Nitawasubiri.”

“Bwana Onodera si sungura,” alisema mzee. “Yeye ana haraka.”

Jumatano, mbele ya darasa zima, Zoleka aliibandua chati, akaikunja, akaiweka kwenye droo. Kisha akainama kama wanavyoinama wao wanapoomba radhi, chini na kwa muda mrefu. Siku ya Alhamisi aliuliza swali, na vichwa vikainamia madawati kama jana na juzi. Jioni hiyo alianza kufikiria masanduku yake yako wapi.

Ijumaa Bwana Onodera alikuja na kalamu mbili mfukoni, akakaa nyuma ya darasa. Zoleka akapiga moyo konde, akauliza kwa Kiingereza: “Mgeni akija Kamisawa, mngependa kumwonyesha nini?”

Kimya.

Saa ya ukutani ilisikika. Bwana Onodera akaandika kitu. Mwalimu Kurokawa, aliyesimama mlangoni, alikitazama kidole chake kikitaka kumnyooshea mtoto fulani, akakifumbata. Zoleka naye hakurudia swali. Alirudi nyuma, akakaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, kama mtu aliyechuchumaa mbele ya banda na jani la kabichi. Bwana Onodera akaandika tena, mstari mrefu zaidi.

Kiti kikakwaruza sakafu. Kanta alikuwa amesimama.

“Njooni,” alisema kwa Kiingereza, na neno la pili likakwama. Hakuna aliyegeuka kumtazama. “Njooni mu-muone sungura wetu. Ni mzee sana. Anajua kusikiliza.”

Hakuwa amekaa bado, viti kumi na vitatu vikakwaruza sakafu kwa pamoja kwa kishindo kilichomfanya Bwana Onodera aangushe kalamu. Mmoja alitaka kumwonyesha mgeni theluji ya Januari inayofunika madirisha, mwingine bibi yake anayekausha matunda yaitwayo kaki chini ya paa, na Kotone alitaka kumwonyesha Mwalimu Zoleka, akamwigiza papo hapo, nyusi na yote. Walipokezana, wakabishana, wakacheka, yote kwa Kiingereza. Mwalimu wa darasa la tano alifungua mlango kutazama kuna nini. Zoleka alilia waziwazi, wala hakutafuta kitambaa.

Kengele ilipolia, Bwana Onodera aliokota kalamu yake. Akakata mistari aliyokuwa ameandika, yote miwili, akaikaribia meza ya Kanta.

“Huyo sungura,” alisema, “yuko wapi?”

Wakamsindikiza wote kumi na wanne, Kanta akiwa mbele na wengine wakifuata mwendo wake. Mwezi wa Machi televisheni ya Kamisawa ilipelekwa kwenye shule nyingine, na Aprili ilimkuta Zoleka akibadilisha viatu kwenye makabati yaleyale. Tangu hapo, akiuliza swali na darasa likanyamaza, hukaa chini na kungoja, kwa kuwa amekwisha kusikia kwa masikio yake kwamba kimya kingi kina mshindo.