Magoti ya Kulungu wa Mfalme

Nimetumiwa hii leo asubuhi. Nimeisoma mara mbili, nikaona si ya kukaa nayo peke yangu. Isome mpaka mwisho.

Mfalme mmoja alifuga kulungu jike aliyeachiwa na marehemu mama yake. Aliyemtunza ni Makame, kwa miaka kumi na moja. Alimlisha kwa mkono wake mwenyewe, na hakuruhusu mtu mwingine amguse.

Kulungu akazeeka. Magoti yake yakavimba, yakawa na moto ukiyagusa, na kila kulipokucha alishindwa kunyanyuka. Makame alijaribu kila alichokijua, wapi. Ndipo mfalme akamwita Bi Time, mama aliyesifika kwa kutibu punda na mbuzi.

"Hii ni baridi yabisi ya uzee," Bi Time alisema. "Haitapona yote, lakini maumivu yatapungua."

Akazikata kwato zilizorefuka. Akaagiza sakafu ya mawe ya banda la kulungu itandikwe majani makavu, mazito kama godoro. Kila asubuhi alimkanda magoti kwa vitambaa vya maji ya moto, kisha akayapaka mafuta ya nyonyo.

Siku ya nane kulungu akasimama mwenyewe.

Nyumba nzima ya mfalme ilifurahi, isipokuwa Makame. Kilichomchoma ni hiki: Bi Time alipotokea tu na kikapu chake, kulungu aliinua kichwa na kutikisa mkia, vilevile alivyokuwa akimfanyia yeye. Mfalme naye alipopita aliuliza, "Bi Time yuko wapi?" Makame hakuulizwa hata hali.

"Miaka kumi na moja," alimwambia mkewe, "na mnyama amenisahau kwa siku nane!"

Mkewe alipofungua mdomo, akamkatiza. "Usinitajie mwanamke huyo humu ndani."

Tangu hapo, kila adhuhuri Bi Time alipokwenda kula, Makame aliyaondoa majani, akamwaga maji ya kisima juu ya mawe, akamlaza kulungu pale. Mnyama alitetemeka. Makame aligeuza uso. Kisha akatandika majani upya kabla Bi Time hajarudi.

Siku ya tano magoti yakavimba kuliko mwanzo. Makame akaenda mbio kwa mfalme.

"Bwana wangu, dawa za yule mama zimeshindwa."

Alitegemea kusikia Bi Time amefukuzwa.

"Kama zimeshindwa, sitamwacha kulungu wa mama yangu ateseke," mfalme alisema. "Kesho achinjwe."

Bi Time alipoitwa, hakujitetea. "Sijui nimekosea wapi. Ila naomba kitu kimoja. Kesho Makame ndiye amshike kichwa. Mnyama huyu hajawahi kuwa wangu hata siku moja."

"Mbona akikuona anakuchangamkia?" Makame aliuliza kwa uchungu.

Bi Time akatoa kikapuni vitambaa vyake vya kukandia. Vilikuwa vipande vya shati. Makame akalitambua: shati lake la kazini.

"Siku ya kwanza alinipiga teke, hakutaka nimguse," Bi Time alisema. "Nikamwomba mkeo shati lako ambalo halijafuliwa, nikalichana. Akisikia harufu yako ndiyo anatulia. Akiinua kichwa, Makame, anakutafuta wewe."

Makame akaanguka miguuni pa mfalme, akaeleza yote: majani, maji, mawe.

Mfalme aliwaka kwa hasira, akaamuru afungwe. Bi Time ndiye aliyemzuia. "Mfunge ukitaka, bwana. Lakini mnyama huyu atakubali mkono wa nani?"

Makame akasamehewa kwa sharti moja: amkande kulungu yeye mwenyewe, kila siku, mpaka mmoja wao afe. Kulungu akasimama tena, akaishi miaka miwili zaidi. Lakini goti moja halikunyooka tena. Alichechemea mpaka kufa kwake, na kila alipokwenda, Makame alikuwa nyuma yake, akiitazama kazi ya mikono yake.

Funzo: Wivu humlenga mwenzako, lakini humuumiza unayempenda. Kabla hujabomoa kazi ya mtu, muulize kwanza anafanya nini; huenda anaifanya kwa ajili yako.