Nungunungu Amsindikiza Mgonjwa

Paukwa!

Pakawa!

Wakubwa na wadogo, sogeeni. Hapo zamani, Bibi Kifaru alikuwa tabibu wa wanyama wote. Si wa meno tu, si wa kwato tu. Homa yako, jicho lako, huzuni yako, vyote ulimpelekea yeye. Akazeeka. Akatangaza kwamba atachagua mmoja amfunze kazi.

Wakaja Tumbili, Tai na Nungunungu. Nungunungu alikuwa ameomba kufunzwa mara mbili huko nyuma, akakataliwa, na hii ndiyo ilikuwa nafasi yake ya mwisho. Kwao, ng'ambo ya kilima, hapakuwa na tabibu. Mama yake alifia njiani akimfuata Bibi Kifaru.

Tumbili akamtazama, akacheka. "Shoga, mtu akija na jipu, utalitumbua kwa mgongo?"

Miiba ya Nungunungu tu ikalia, chaka-chaka, chaka-chaka.

Jaribio lilikuwa hili: Kuro, mama wa kando ya mto, ajifanye anaumwa kichwa. Waliojaribiwa hawakuambiwa.

Tumbili akampapasa, pa-pa-pa, akampa jani atafune, akaita anayefuata. Tai akamtajia mizizi yote ya kutibu kichwa, ya milimani na ya bondeni, akampa ulio bora. Haya, nenda. Nungunungu akauliza, akasikiliza, akampa mzizi wa kawaida tu. Kuro aliponyanyuka, naye akanyanyuka. Kwao mgeni haondoki peke yake, husindikizwa.

Wakaenda. Chaka-chaka, chaka-chaka. Nungunungu amelaza miiba asimchome mwenzake. Hakuuliza kitu. Kufika kivukoni, Kuro akasimama.

"Mwenzangu, kichwa hakiniumi. Nilitumwa. Lakini nina uvimbe chini ya titi, tangu vuli. Sijamwambia mtu."

"Turudi kwa Bibi," Nungunungu akasema. "Nitakuwa nawe."

Waliporudi, Tai alikuwa amekwisha kuchaguliwa, anapongezwa. Moyo wa Nungunungu ukaanguka, pu! Akapita katikati yao, akainama.

"Bibi, sikuja kudai nafasi. Kuro ana neno lake. Ni lake kulisema. Msikilize faraghani."

Bibi Kifaru akaenda na Kuro nyuma ya kichaka. Wakakaa. Wakatoka, na Kuro akamruhusu Bibi aseme.

"Uvimbe bado mdogo. Nitautoa, atapona. Angengoja masika, tungemzika." Akamgeukia Tai. "Nilimtuma Kuro ajifanye mgonjwa, bila kumwuliza kama ni mzima. Tai, utanisamehe. Wewe unajua dawa. Huyu Nungunungu ameambiwa ugonjwa. Nafasi ni yake."

Vigelegele! Hata Tumbili akapiga. Kuro akapona. Nungunungu akafunzwa, akahitimu, akarudi kwao ng'ambo ya kilima, na tangu siku hiyo hakuna mama aliyefia katika njia ile.

Basi anayechagua tabibu asipime ujuzi wa dawa peke yake. Atazame ni nani ambaye mgonjwa humwambia ukweli.

Ngano yangu naikomesha hapa, mlangoni. Anayeondoka, asindikizwe.