Maji ya Sultani Ndani ya Jahazi la Shaame

Hapo zamani, katika mji wa Ngomanyuma, alitawala Sultani Hatimu, mtu wa ushuru hata usingizini. Alitoza wa nanga, akatoza wa tanga, akatoza wa kamba, na alipokosa cha kutoza, akapiga mbiu: "Maji ya bandari, hata tone, ni mali yangu. Kila chombo kieleacho juu yake kitalipa reale mia. Asiyelipa, chombo nitakitwaa."

Basi likashikwa jahazi la Nahodha Shaame, akapewa siku tatu za kulipa. Maskini, hakuwa na reale kumi, na jahazi lile ndilo lililomlisha yeye na mabaharia wake saba. Akalia mbele za watu bila haya.

Miongoni mwa mabaharia alikuwako Pandu, fukara wa kutupwa, kazi yake kukumba kwa ndoo maji yavujiayo ndani ya jahazi. Watu walimwona punguani. Siku ile akaweka chini ndoo yake, akakunja mikono.

"We Pandu, umerogwa? Tutazama!" akafoka Shaame.

"Nahodha wangu, maji haya ni mali ya Sultani. Nikiyamwaga, si nitakatwa mkono?"

Ikawa siku ya tatu Pandu akajaza mitungi kumi na miwili, wenziwe wakaibeba hadi barazani. Lo, harufu! Jahazi lilikuwa limepakia papa mkavu, na maji yake yamechacha. Mawaziri wakaziba pua kwa vilemba.

"Ni uchafu gani huu?" akauliza Sultani.

"Si uchafu, bwana wangu," akajibu Pandu, "ni mali yako. Imeingia chomboni mwetu bila kualikwa, nasi tumeitunza. Na ada ya bandari tangu enzi za babu yako ni hii: shehena ikilala chomboni, mwenyewe humlipa nahodha reale tatu kwa kila mtungi kwa kila siku."

Karani akahesabu kwa vidole, vikamwishia, akaanza upya. "Mitungi kumi na miwili kwa siku tatu: reale mia na nane, bwana wangu."

"Toa mia yako ya ushuru," akasema Pandu, "tudai nane tu. Lakini tufanye haraka, maana mali yako ingali inaingia, na leo imefika magotini."

"Imwageni, wajinga nyinyi!"

"Nani atathubutu kumwaga mali ya Sultani? Labda bwana wangu atamke hadharani kuwa si yake."

Sultani akatazama mitungi, akamtazama karani aliyekuwa akihesabu tena, akashindwa kujizuia, akacheka hata kilemba kikamdondoka. "Maji ni ya Mungu!" akasema. "Ushuru huu nimeufuta. Mpeni mtu huyu reale zake nane, na joho juu yake!"

Wakamtafuta Pandu wamvishe, wasimwone. Alikuwa ameshatimua mbio kuelekea bandarini, akipiga kelele njia nzima: "Ndoo! Nileteeni ndoo! Linazama kweli!"