Pancha Mbili

Fyuuu! Mlio huo mmoja ulimwamsha Bwana Chambuso usiku. Asubuhi akaikokota pikipiki yake, tairi la nyuma limeisha upepo, hadi kibandani kwa mpangaji wake, fundi Semeni.

"We binti," alisema, maana jina lake hakuwahi kulitamka, "leva zako mbili zimepitwa na wakati. Nunua mashine yangu ya kubandulia tairi, au uhame leo hii."

"Tushindane kuziba pancha, baba. Wewe la nyuma kwa mashine, mimi la mbele kwa leva. Ukinishinda, nanunua."

"La mbele si zima?"

Semeni akalichoma msumari. "Sasa tuko sawa. Kila mtu na vifaa vyake?"

"Vyako nivitakie nini!"

Mashine ikaletwa, ikanguruma. Semeni akachuchumaa, akaingiza leva zake, vyuma viwili bapa, akabandua ukingo wa tairi gurudumu likiwa pale pale pikipikini, akavuta tiubu, akapaka gundi. Chambuso akaizunguka mashine, akaizunguka pikipiki. Mashine ilitaka gurudumu lililofunguliwa, na hili lilikuwa limekazwa nati. Akajaribu kwa vidole. Akajaribu kwa meno.

Mwishowe akamgeukia Semeni.

"Naomba spana," alinong'ona, "Fundi Semeni."