Herini ya Kuazima

Sogeeni, na mwenye usingizi aukalie. Hapo kale Mwanashee aliazima herini za dhahabu kwa shoga yake Zaituni, akaenda nazo harusini akijigamba kuwa ni zake. Alipoinama chooni, moja ikadondoka shimoni, na moyo wake ukaifuata.

Jini wa shimo akauliza, "Ni ya nani hii?"

"Yangu."

Herini ikazama.

"Ya nani?"

"Ya marehemu bibi yangu."

Ikazama zaidi, maana bibi alikuwa hai, uani, anakula pilau.

"Kwa mara ya mwisho. Ya nani?"

Mwanashee akafumba macho. "Si yangu, bwana. Nimeiazima."

Herini ikaruka, ikatua kiganjani, safi, inanukia udi.

Alipofungua mlango, foleni nzima ilikuwa imesikia, Zaituni akiwa mbele.

"Usione haya, shoga," akasema Zaituni. "Na mimi nimeziazima kwa bibi yako. Akaniusia nisikupe wewe, maana huishi kuangusha vitu."

Foleni ikacheka hadi bibi akaja na sahani yake kuuliza kulikoni.

Hadithi hii nami nimeiazima, mkishacheka, irudisheni.